Sauti moja, masikio mengi: Jinsi abiria wanavyoweza kusikiliza pamoja garini bila spika

MTU anayeabiri matatu jijini Nairobi hulipa nauli ya kiti, lakini pamoja na kiti hicho hupewa muziki ambao hakuuitisha. Dereva na utingo ndio huamua ni wimbo upi utakaopigwa, na utapigwa kwa sauti ya kiasi gani. Mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku, mwanafunzi anayepitia daftari lake kabla ya mtihani, mama aliyempakata mtoto mchanga na kijana anayependa midundo mizito, wote husikiliza kitu kimoja kwa kiwango kimoja.

Katika magari ya kibinafsi hali haitofautiani sana. Mama aliye kwenye usukani anataka taarifa ya habari, watoto walioketi nyuma wanataka katuni zao, na nyanya yao angependelea kimya. Gari ni moja, spika ni zilezile, na mwishowe lazima mmoja ashinde na wengine wavumilie.

Kwa miaka mingi dawa ya tatizo hili imekuwa moja: kila mtu avae hedifoni zake, yaani vile vipokea-sauti vya masikioni, na kujitenga na wenzake. Dawa hiyo huondoa kelele, lakini huondoa pia raha ya kusikiliza pamoja. Marafiki wawili wanaosafiri kwa basi kutoka Mombasa hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 480, hulazimika kugawana hedifoni za mmoja wao, kila mtu akitia kipande kimoja sikioni na kuinamisha kichwa upande wa mwenzake.

Teknolojia ya kusambaza sauti bila waya sasa inatoa njia ya tatu. Sauti moja hutumwa hewani ndani ya gari, ikapokelewa na kila anayeitaka, kwa kiwango anachokitaka yeye, na asiyeitaka asiisikie kabisa. Ni muhimu kwa msafiri kuelewa jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kwa nini limechukua muda mrefu kufika, kabla hajatoa pesa zake dukani.

Spika na gharama yake

Redio ya gari ilianza kupata umaarufu mnamo 1930, wakati kampuni ya Galvin ya Chicago, Marekani, ilipoanza kuuza redio iliyopewa jina la Motorola. Tangu wakati huo vyombo vya muziki garini vimebadilika mara nyingi, kutoka redio hadi kanda, kutoka kanda hadi sahani za CD, na kutoka sahani hadi rununu. Kitu kimoja hakikubadilika: sauti ilitoka kwenye spika, na spika haichagui msikilizaji.

Gharama ya jambo hilo si kero pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isikilizwe kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo unapungua hadi saa nne kwa wiki. Ikifika desibeli 100, ni dakika 20 tu.

Wasomaji wengi hushangaa kwamba tofauti ya desibeli 10 inaweza kupunguza saa 40 hadi nne. Sababu ni kwamba desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zinapoongezeka tatu, nguvu ya sauti inayolifikia sikio huongezeka maradufu, na muda ulio salama hupungua kwa nusu. Ndani kabisa ya sikio mna seli ndogo zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo. Seli hizo zikifa kwa binadamu, hazioti tena.

Abiria hushuka baada ya nusu saa au saa moja. Dereva na utingo hubaki humo kutwa, siku baada ya siku. Hivyo basi, wale wanaopandisha sauti ili kuwavutia wateja ndio wanaohatarisha masikio yao zaidi kuliko mtu mwingine yeyote aliyemo garini.

Sheria nayo haijanyamaza. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi, zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira na kusimamiwa na mamlaka ya mazingira nchini, NEMA, zinakataza kelele kubwa zisizo za lazima ambazo zinawaudhi watu au kuhatarisha afya na usalama wao. Lakini sheria inaweza tu kumwambia mwenye matatu apunguze sauti. Haiwezi kumridhisha anayetaka midundo na anayetaka usingizi kwa wakati mmoja. Kazi hiyo inahitaji kifaa.

Njia za awali

Wazo la kutuma sauti kwa watu wengi ndani ya gari si geni. Magari ya kifamilia yenye skrini za nyuma, hasa yale yaliyouzwa Marekani, yalitumia miali isiyoonekana kwa macho, ya aina ileile inayotumiwa na rimoti ya runinga. Kifaa kilichofungwa darini kilimwaga miali hiyo, na hedifoni maalumu zikaipokea. Hedifoni mbili, tatu au nne zingeweza kusikiliza pamoja bila kuongeza mzigo wowote kwa kifaa kinachotuma. Nyingine zilikuwa na chaneli mbili, hivi kwamba mtoto mmoja angesikiliza filamu na mwenzake muziki.

Udhaifu wa njia hiyo ulikuwa kwamba miali haipenyi vitu. Mtoto akilala ubavu au mkoba ukiwekwa mbele yake, sauti ilikatika. Jua kali likipenya dirishani, lilitia mikwaruzo.

Njia ya pili, ambayo Wakenya wengi wanaifahamu, ni kidude cha FM kinachochomekwa kwenye kiwashio cha sigara. Kidude hicho hupokea muziki kutoka kwa rununu na kuurusha hewani kama kituo kidogo cha redio, ambacho hunaswa na redio ya gari. Hapa pana kikwazo kinachowajia wenye magari yaliyoagizwa kutoka Japani. Taifa hilo hutumia masafa ya FM yanayoanzia megahazi 76, na redio nyingi za magari yake ya zamani hukomea megahazi 90, ilhali vituo vya Kenya viko kati ya megahazi 87.5 na 108. Ndiyo maana mwenye gari kama hilo humtafuta fundi amfungie kifaa cha kupanua masafa. Bila kifaa hicho, kidude cha FM kilichopangwa kwenye megahazi 100 hakitasikika, na ni lazima kipangwe chini ya megahazi 90.

Kitu ambacho wengi hawakukitambua ni kwamba kidude hichohicho kinaweza kuwahudumia abiria bila spika hata kidogo. Rununu nyingi za bei nafuu, zile za vibonyezo, zina redio ya FM ndani yake. Kila abiria akiitegesha rununu yake kwenye masafa yanayorushwa, na kuvaa hedifoni zake za waya, atasikia kilekile wanachosikia wenzake, kwa kiwango chake mwenyewe. Sauti yake si safi sana, na nguvu ya kidude ni ndogo kwa sababu urushaji wa mawimbi ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na vyombo vyenye nguvu kubwa huhitaji leseni. Hata hivyo, njia hiyo inaonyesha kanuni muhimu: kituo cha redio hakihesabu wasikilizaji wake. Awe mmoja au elfu moja, kazi ya kituo ni ileile.

Bluetooth na mazoea ya wawili

Kanuni hiyo ndiyo iliyopotea Bluetooth ilipoingia magarini. Teknolojia hii ilianza mwaka wa 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi, na mwaka wa 1998 kampuni za Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba zikaungana kuunda shirika la kuisimamia. Jina lake lilitokana na Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake, kwani lengo lilikuwa kuunganisha vifaa vya aina mbalimbali.

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahazi 2.4. Mfumo wake wa kawaida huyagawanya masafa hayo katika chaneli 79 na kurukaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, ili kukwepa vyombo vingine vinavyotumia masafa hayohayo. Vifaa viwili vinavyotaka kuwasiliana hutambulishana kwanza, vikaweka siri kati yao, kisha vikaanza kurukaruka pamoja kwa mpangilio ambao vyenyewe tu ndivyo vinaoufahamu.

Mpango huo unafaa sana kwa mazungumzo ya simu, ambapo faragha inahitajika. Kwa muziki wa watu wengi, unageuka kuwa kizuizi. Kwa mujibu wa kanuni za Bluetooth, kifaa kimoja kinaweza kuunganishwa na vifaa vingine saba vilivyo macho kwa wakati mmoja. Mtu akisoma hivyo anaweza kudhani kwamba abiria saba wanaweza kusikiliza rununu moja. Hesabu inakataa.

Muziki unaotumwa kwa mtindo wa kawaida wa Bluetooth, kwa ubora wa juu, huhitaji takriban kilobiti 328 kwa kila sekunde. Kila msikilizaji hutumiwa nakala yake, kana kwamba mwalimu aliye na wanafunzi saba anamnong'oneza kila mmoja somo lilelile sikioni. Nakala saba ni takriban kilobiti 2,300 kwa sekunde. Njia yenyewe, hata hali ya hewani ikiwa nzuri, hubeba takriban kilobiti 2,100 kwa sekunde. Wa saba hatoshei, na bado hakujatengwa nafasi ya kurudia vipande vilivyopotea njiani. Kwa abiria 14 wa matatu ya kawaida, jambo hilo haliwezekani kabisa.

Kuna tatizo jingine. Katika magari mengi ya kisasa rununu haitumi muziki kwa abiria, bali kwa gari lenyewe. Gari ndilo msikilizaji. Likishashikwa na rununu ya mtu mmoja, wengine hungoja zamu, na sauti hurudi kwenye spika zilezile zilizoleta ugomvi tangu mwanzo.

Njia za mkato

Watengenezaji wa rununu walijaribu kupunguza uzito wa tatizo hilo. Mnamo 2017, Samsung iliiwezesha rununu yake ya Galaxy S8 kutuma sauti kwa vifaa viwili vya Bluetooth kwa wakati mmoja. Mnamo 2019, Apple nayo ilianzisha mpango wa kugawana sauti kati ya jozi mbili za hedifoni zake. Nakala mbili ni kilobiti 656 hivi kwa sekunde, mzigo ambao njia inaumudu.

Kwa mume na mke, au watoto wawili walioketi nyuma, mpango huo unatosha. Lakini una mipaka yake. Kwanza, huishia kwa watu wawili. Pili, mara nyingi kila kampuni huwapendelea wateja wake, hivi kwamba hedifoni za kampuni moja hukataa kugawana na za nyingine. Tatu, nakala mbili zinaweza kufika kwa nyakati tofauti kidogo, hasa hedifoni zikiwa za aina mbili tofauti.

Wengine hutumia programu zinazounganisha rununu kadhaa kupitia Wi-Fi, kila rununu ikipiga wimbo uleule kwa wakati uleule. Njia hii huweza kuwahudumia watu wengi, ila kila mmoja lazima awe na rununu yenye programu hiyo, na betri za rununu zote hutumika. Na wapo wanaoshikilia waya wa kugawa, ule wenye mdomo mmoja na matundu mawili au matano. Waya huo haupotezi muda, hauchaji betri wala hauulizi jina la kampuni. Kasoro zake ni kwamba huwafunga abiria pamoja kama mbuzi wa mnadani, na kwamba rununu nyingi mpya hazina tundu la kuuchomeka.

Mpiga mbiu wa kidijitali

Mabadiliko makubwa yalianza Januari 2020, wakati shirika linalosimamia Bluetooth lilipotangaza mfumo mpya wa sauti uitwao LE Audio. Kazi ya kuandika kanuni zake ilikamilika Julai 2022. Sehemu yake inayohusu kutangazia watu wengi ilipewa jina la Auracast.

Tofauti yake na mfumo wa zamani ni kama tofauti kati ya mnong'ono na mbiu ya mgambo. Mpiga mbiu hasimami mlangoni pa kila mtu. Hupiga pembe mara moja na kila mwenye masikio akasikia. Kadhalika, kifaa cha Auracast hutuma sauti hewani mara moja, bila kuuliza ni nani anayeipokea. Hedifoni zikiwa mbili, 14 au 60, mzigo wa kifaa kinachotuma hauongezeki. Kanuni iliyokuwa ya redio na ya miali imerudi, safari hii ikiwa na sauti safi na bila kuhitaji kuonana ana kwa ana.

Mambo mawili ndiyo yaliyowezesha hatua hiyo. La kwanza ni mbinu mpya ya kuifinyaza sauti, iitwayo LC3, ambayo hutoa ubora unaolingana na wa mbinu ya zamani, au kuupita, kwa kutumia nusu tu ya data. Hilo huokoa nafasi hewani na betri ya hedifoni.

La pili ni namna ya kushughulikia vipande vinavyopotea. Katika mfumo wa wawili, hedifoni isiyopata kipande cha sauti huomba kitumwe tena. Mpiga mbiu hawezi kusikiliza maombi ya watu wote. Kwa hivyo Auracast hurudia kila kipande zaidi ya mara moja bila kuombwa, katika chaneli tofauti, kwa matumaini kwamba kilichomkosa msikilizaji mara ya kwanza kitampata mara ya pili au ya tatu. Pamoja na vipande hivyo hutumwa alama za muda, ili hedifoni zote zitoe sauti kwa pamoja. Abiria 10 wakitazama kandanda kwenye skrini ya basi, wote watashangilia bao kwa wakati mmoja.

Msikilizaji huchagua matangazo kupitia rununu yake, kama anavyochagua mtandao wa Wi-Fi. Huona orodha ya majina ya matangazo yaliyo karibu, akagusa analolitaka, na rununu ikazielekeza hedifoni zake huko. Matangazo yanaweza kuwa wazi kwa kila mtu au kufungwa kwa neno la siri.

Hali ingekuwaje ndani ya matatu

Matatu iliyofungwa mtambo wa aina hii inaweza kurusha matangazo mawili au matatu kwa pamoja: muziki wa kizazi kipya, taarifa za habari, na mahubiri au nyimbo za dini. Abiria akiketi huchagua moja, au asichague lolote. Spika hubaki kwa kazi inayostahili kusikiwa na wote, kama vile kutangaza vituo au tahadhari.

Hata hivyo, yapo mambo ya kuzingatiwa kabla ya kufurahia. Mawimbi ya gigahazi 2.4 hudhoofishwa na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Katika gari lililosheheni, kitumaji kilichofichwa chini ya dashibodi kitawahudumia walio mbele na kuwasahau walio nyuma. Mahali pake panapofaa ni darini, karibu na katikati ya gari, juu ya vichwa vya watu.

Pili, mawimbi hayo hupenya vioo. Matatu mbili zikisimama ubavu kwa ubavu katika msongamano wa Barabara ya Thika, abiria wa moja wataona matangazo ya nyingine. Bila majina yanayotofautiana, mtu anaweza kujikuta akisikiliza muziki wa gari ambalo hata hakulipa nauli yake. Nambari ya usajili ya gari ikitumiwa kuwa jina la matangazo, tatizo hilo litapungua.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, vifaa vya zamani havijui lugha hii. Hedifoni zilizotengenezwa kwa mfumo wa kawaida wa Bluetooth, ambazo ndizo zilizojaa masikioni mwa watu, mara nyingi haziwezi kufunzwa mfumo mpya kwa kubadilishiwa programu tu. Mfumo wa Android ulianza kuikubali LE Audio katika toleo la 13 lililotolewa mwaka wa 2022, lakini rununu nyingi za bei ya chini hazina kijenzi kinachohitajika. Mwenye matatu atakayeng'oa spika leo atawaacha abiria wengi katika kimya ambacho wao hawakukichagua.

Wanaosikia kwa shida

Kundi litakalonufaika zaidi na mabadiliko haya ni lile ambalo halikutajwa sana katika mijadala ya muziki wa matatu. Hao ni watu wenye uzito wa kusikia. WHO ilikadiria mwaka wa 2021 kwamba kufikia 2050, karibu watu bilioni 2.5 duniani watakuwa na kiwango fulani cha upungufu wa kusikia.

Kwa mtu anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia, gari ni mahali pagumu. Kifaa hicho hukuza kila kitu: ngurumo ya injini, upepo wa dirishani, honi na muziki. Sauti ya utingo anayetaja kituo huzama humo. Katika kumbi na makanisa ya nchi kadhaa, tatizo hili hutatuliwa kwa kuzungushia ukumbi waya unaopeleka sauti moja kwa moja kwenye koili ndogo iliyo ndani ya kifaa cha msikilizaji. Kufunga waya wa aina hiyo katika kila basi ni kazi ngumu.

Mfumo mpya wa Bluetooth uliundwa tangu mwanzo ukiwajali watu hao, na vifaa vya kusaidia kusikia vinavyoweza kupokea matangazo ya Auracast vimeanza kuuzwa. Tangazo la kituo likirushwa kwa njia hiyo, humfikia mhusika sikioni likiwa safi, bila injini wala upepo. Kwake yeye hilo si anasa. Ni tofauti kati ya kushuka kituoni kwake na kupelekwa mwisho wa safari.

Mirabaha ya wanamuziki

Baadhi ya wenye magari huenda wakadhani kwamba muziki usiotoka kwenye spika hauwezi kudaiwa ada. Dhana hiyo ni hatari. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mwenye kazi dhidi ya watu wanaoifikisha kazi yake kwa umma bila idhini. Ndiyo sababu mashirika yanayokusanya mirabaha kwa niaba ya wanamuziki yamekuwa yakiwadai wenye magari ya uchukuzi. Muziki unaorushwa kwa abiria wanaolipa nauli bado unaufikia umma, uwe umepitia spika au hedifoni. Familia inayosikiliza wimbo wake ndani ya gari lake ni jambo tofauti.

Tahadhari kwa dereva na abiria

Mtu mmoja garini hapaswi kabisa kujiunga na usikilizaji wa hedifoni, naye ni dereva. Masikio yake ndiyo humwonya kuhusu honi, ving'ora vya ambulensi, pikipiki inayopita ubavuni au mlio wa gurudumu lenye hitilafu. Sheria za trafiki humkataza kutumia rununu mkononi gari likiwa mwendoni, hivyo kazi ya kuchagua nyimbo na kuunganisha vifaa inafaa iachiwe mtu mwingine, au ifanywe kabla ya safari kuanza.

Abiria naye asidhani kwamba hedifoni ni salama kwa sababu tu haziwasumbui wengine. Ngurumo ya gari humfanya mtu apandishe sauti bila kujijua. WHO inashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Hedifoni zinazoziba tundu la sikio vizuri, au zinazopunguza kelele za nje, humwezesha mtu kusikia vyema kwa kiwango cha chini. Lakini hizohizo humziba asisikie jina la kituo chake wala onyo la jirani yake. Anayesafiri usiku, au anayekaribia kushuka, anashauriwa kuacha sikio moja wazi.

Wazazi nao wanapaswa kukumbuka kwamba katika mfumo wa kugawana, kiwango cha sauti huamuliwa na kila msikilizaji. Mzazi aliye mbele anaweza kudhani gari limetulia kumbe mtoto aliye nyuma anajiumiza masikio. Hedifoni za watoto zenye kikomo cha sauti ndizo zinazofaa.

Maswali ya kuuliza dukani

Mnunuzi hana haja ya kukariri majina yote ya kitaalamu. Ajiulize kwanza wasikilizaji wake ni wangapi. Wakiwa wawili, rununu inayoweza kutuma sauti kwa hedifoni mbili inatosha, na huenda tayari anayo bila kujua. Inafaa atafute sehemu hiyo katika mipangilio ya Bluetooth kabla ya kununua chochote.

Wakiwa watatu au zaidi, swali la kumuuliza mwenye duka ni moja: je, hedifoni hizi zinapokea matangazo ya Auracast? Asiridhike na jibu kwamba zina Bluetooth 5.2 au 5.3. Nambari hizo huonyesha toleo la kanuni lililotumika, lakini haziahidi kwamba mtengenezaji aliweka sehemu ya kupokea matangazo. Kama rununu yake haiwezi kutuma, kuna vitumaji vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la hedifoni au la USB la skrini ya gari na kufanya kazi hiyo.

Anayetaka kutazama filamu na watoto wake aulize pia kuhusu kuchelewa kwa sauti. Katika mfumo wa zamani, sauti inaweza kuchelewa kiasi cha sehemu ya kumi hadi robo ya sekunde, hivyo midomo ikaonekana ikitangulia maneno. Kwa muziki pekee, kuchelewa huko hakuna madhara.

Na asiye na pesa za kununua chochote kipya asijione ameachwa nyuma. Kidude cha FM, rununu ya vibonyezo na hedifoni za waya bado zinafanya kazi yao.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Katika magari ya uchukuzi, kitu kinachopasuka polepole ni sikio, na mara nyingi mwenyewe hugundua akiwa amechelewa. Vyombo vya kumpa kila abiria uhuru wa kusikiliza au kutosikiliza vimeanza kufika madukani. Kabla havijaenea, kitufe cha kupunguza sauti kiko karibu na mkono wa dereva, wala hakihitaji teknolojia mpya kukigusa.